Fundi mkuu, binti wa marehemu na sketi za Januari

Karakana ninayoizungumzia iko Kiusa, Moshi mjini. Wenyewe wanaiita ofisi. Mwaka mzima inashona sare za shule, na kuanzia Novemba, watu wanapoanza kurudi nyumbani Kilimanjaro na ratiba za harusi, ubatizo na kipaimara zinapojaa, inashona pia magauni na suti. Ina watu tisa: fundi mkuu anayekata, msaidizi wake wa mezani, mafundi watano wa cherehani, binti wa mapokezi anayepokea oda na kuchukua vipimo, na kijana wa vifungo na pasi. Juu yao yuko mwenye mali, mwanamke wa miaka 31, aliyeachiwa kazi hii baba yake alipofariki.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini yake, bila majina na bila kuitaja shule iliyohusika. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye biashara ndogo kuweka sawa hesabu na mambo ya wafanyakazi, na mikasa ya aina hii nimeiona kwenye gereji, saluni na migahawa ya hapa mjini. Huu nimeuchagua kwa sababu wenye biashara wengi wanaamini mamlaka ya bosi yanakaa kwenye ukali wake. Kwa niliyoyaona Kiusa, yanakaa kwenye malipo ya Jumamosi, na kwenye njia ambayo uamuzi unapita kutoka kwa mwenye mali hadi meza ya kukatia.

Karakana kabla ya Januari

Fundi mkuu amevuka miaka 60. Alianza kazi na marehemu kabla binti hajazaliwa, na sare ya kwanza ya shule aliyovaa binti huyo aliikata yeye. Hawana undugu wa damu, lakini binti anamwita baba mdogo. Kila asubuhi anampa shikamoo, naye hujibu, "Marahaba mama, umeamkaje?" Hakuna ubaya hapo, na nitaeleza mbele kwa nini nasisitiza hivyo.

Ubaya ulianzia kwa wateja. Mteja akiingia na kuuliza, "Mwenyewe yuko?", sauti ilitoka mezani: "Sema tu shida yako. Huyo ni mtoto wetu, anatusaidia." Mzee aliyasema hayo kwa upendo kabisa. Lakini mteja akishasikia hivyo anageuka, anampa mgongo binti, na bei inapangwa mezani. Tarehe ya kuchukua nguo nayo inapangwa palepale. Mara kadhaa mwenye mali alijua kuna oda ya Ijumaa pale mteja alipofika Ijumaa kuichukua.

Akatafuta dawa. Mtandaoni alimsikiliza mtu aliyesema bosi asipoogopwa hafanikiwi, na rafiki mwenye duka la vipodozi akamwambia vivyo hivyo. Basi akaacha kusalimia. Akawa anaingia moja kwa moja kwenye droo ya fedha, simu sikioni. Akabandika karatasi ya manila ukutani: anayechelewa atakatwa Sh 2,000. Mafundi wakaiona kwa jinsi mtu yeyote wa huku angeiona: mtoto aliyekuwa anasalimia jana, leo amepata mali na hasalimii tena. Huruma yote ikahamia kwa mzee. Zile faini hazikukusanywa hata mara moja, maana aliyepaswa kuzikusanya alikuwa anadaiwa na wale waliopaswa kuzilipa.

Hilo la madeni ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mafundi wa cherehani wanalipwa kwa pisi, yaani kwa idadi ya nguo walizoshona. Enzi za marehemu hesabu ilifungwa Jumamosi mchana na kila mtu akaondoka na chake. Binti aliposhika kazi, fedha za oda zilianza kuingia kwa simu, kwenye namba yake binafsi, ileile anayolipia umeme wa nyumbani na ada ya mdogo wake. Jumamosi ikifika salio halitoshi. Fundi anapewa elfu kumi, anaambiwa nyingine Jumatatu. Jumatatu anapewa elfu tano. Hakuna aliyeandika. Kufikia Disemba kila fundi alikuwa na hesabu yake kichwani na bosi ana ya kwake, na hakuna hesabu mbili zilizolingana.

Fikiria hali hiyo asubuhi ya kazi. Bosi anataka fundi abaki hadi saa moja jioni amalizie mashati. Anajua anadaiwa na fundi huyo kama Sh 60,000. Anayemwomba mtu kazi ya ziada huku hajamlipa ya wiki mbili nyuma ataomba tu, hawezi kuagiza. Fundi akisema, "Leo siwezi dada, mtoto anaumwa", bosi hana la kujibu. Mwenye karakana alidhani tatizo lake ni kutojiamini. Akafikiria hata kwenda kwenye semina ya uongozi. Mtu anayedaiwa na watu anaowaongoza hawezi kujiamini mbele yao, na semina haitalipa deni hilo.

Kiti cha tatu cha uamuzi, baada ya cha mzee na cha binti, kilikuwa cha mama yake mzazi. Mama hana kazi ya kila siku pale, lakini anapita akitoka sokoni. Fundi aliyekataliwa ruhusa na binti alimsubiri mama. Mama anaketi, anapewa chai, anasikiliza, kisha anasema, "Nenda tu mwanangu, nitamwambia." Uamuzi wa asubuhi unakuwa umefutwa mchana, na aliyeutoa hana habari.

Siku ya sketi

Shule moja ya binafsi iliagiza sketi 120 zifike kabla ya kufungua muhula Januari. Shule hiyo ilikuwa mteja wa zamani, na sketi yake ilikuwa ya marinda manne, mawili mbele na mawili nyuma. Safari hii ilitaka marinda ya kuzunguka kiuno chote. Matroni alituma picha kwa WhatsApp kwa mwenye karakana, naye akairusha kwa binti wa mapokezi, na binti akamwonyesha mzee picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mzee akiwa ameinama mezani na miwani ameiweka pembeni. Mzee akatazama, akasema sawa.

Asiyejua ushonaji anahitaji kuelewa jambo moja hapa. Sare hazikatwi moja moja. Kitambaa kinatandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, chaki inachorwa kwenye tabaka la juu, na mashine ya kukatia inapita zote kwa pamoja. Mshono uliokosewa unafumuliwa, ikapotea nusu saa. Mkato uliokosewa unakwenda na tabaka zote zilizo chini yake. Tena sketi ya marinda ya kuzunguka inakula kitambaa karibu mara tatu ya kiuno, kwa sababu kila rinda linalala juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kipande kilichokatwa kwa marinda manne hakirefuki.

Mzee alikata kama alivyozoea. Alishamaliza tabaka 24 na ametandaza nyingine 24 pale mwenye karakana alipopita mezani, mnamo saa nne asubuhi. Aliviona vile vipande. Aliniambia kwamba moyo ulimdunda, kwa sababu aliona wazi upana hautoshi. Akasimama kidogo, akashika kona ya kitambaa, akaiachia, akaenda zake mapokezi. Kule akamwambia binti, "Hebu kamwambie babu aangalie tena ile picha."

Binti wa miaka 20 akaenda kumwambia mzee mbele ya mafundi wote. Mzee hakuinua kichwa. "Mwambie aje mwenyewe. Shule hii naikatia tangu yeye yuko chekechea." Kisha akampigia simu mama. Mama akafika kabla ya saa sita, akawakuta wote wamenuna, akasema, "Mwacheni mzee, anajua anachofanya." Mwenye karakana akachukua mkoba akaenda benki, kazi ambayo ingeweza kusubiri. Alipokuwa kwenye foleni, tabaka 24 za pili zilikatwa.

Sketi 48 zilishonwa na kupelekwa kama mzigo wa kwanza. Shule ikazirudisha siku hiyohiyo.

Yaliyofuata yalisikika hadi barabarani. Aliingia akiwa na mfuko wa sketi, akaumwaga sakafuni, akauliza mali hii ni ya nani. Akatangaza hasara ya kitambaa itakatwa kwa kila mtu aliyemo humo ndani. Akamwambia mzee asirudi kesho. Mzee akakunja futi yake, akaitundika kwenye msumari ulio ukutani nyuma ya meza, akavaa koti, akatoka bila kusema neno. Kesho yake mafundi wawili wa cherehani hawakufika na simu zao hazikupatikana. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku chache, na sketi 120 zilikuwa bado.

Sheria inasemaje

Nilipoitwa, swali lake la kwanza lilikuwa kama anaweza kumfukuza mzee bila kumlipa, kwa kuwa hakuna mkataba wa maandishi. Nalipitia kwa haraka, maana ni swali ambalo wengi wanalo.

Kukosekana kwa karatasi hakumwondolei mtu haki ya kuitwa mfanyakazi. Mtu anayekuja kazini kwako kila siku, anatumia vifaa vyako na anaishi kwa malipo yako, sheria inamchukulia kuwa mfanyakazi wako mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mambo mawili katika kuachisha kazi: sababu ya msingi na utaratibu wa haki, yaani mtu aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. "Kesho usirudi" mbele ya watu wanane haina hata kimoja. Aliyeachishwa hivyo ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuna pia kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka 10, isipokuwa ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Kwa mzee huyu, siku 70.

Ile kauli ya kukata kila mtu nayo ilikuwa batili. Makato ya hasara yanamhusu aliyeisababisha kwa kosa lake, baada ya kuelezwa kwa maandishi sababu na kiasi, na kupewa nafasi ya kupinga. Hayazidi robo ya malipo yake. Kijana wa pasi hakukata kitambaa.

Aliponisikiliza hadi mwisho alisema, "Kwa hiyo nimefungwa mikono." Nilimjibu hapana, na bado naamini hivyo. Sheria hii inampa mwenye biashara njia ya kumwachisha kazi mtu. Inachomzuia ni kufanya hivyo kwa hasira.

Saa nne asubuhi

Wengi waliosikia kisa hiki wanahukumu ile siku ya kelele. Mimi naitazama zaidi ile saa nne ya siku ya kukata, aliposhika kona ya kitambaa na kuiachia. Hapo alikuwa na kila kitu mkononi. Alijua oda ilikuwa nini, aliona mkato umekosewa, na tabaka 24 za pili zilikuwa bado hazijaguswa. Neno moja lingeokoa sketi 24. Akanyamaza kwa sababu, kwa maneno yake, "nitamwambiaje mtu ninayempa shikamoo kwamba amekosea?"

Swali hilo ni la kweli na halijibiwi kwa kuacha shikamoo. Muuguzi wa miaka 24 pale hospitali ya KCMC anamwamkia mzee wa miaka 70, kisha anamwambia akunje shati apimwe presha, na mzee anakunja. Kondakta wa hiace ya Marangu anamwambia mama mtu mzima, "Mama shikamoo, sogea kidogo", na mama anasogea. Mwenyekiti wa kijiji aliye kijana anafungua kikao kilichojaa wazee waliomwona akizaliwa, na anafunga mjadala muda ukiisha. Hakuna hata mmoja kati yao anayepandisha sauti. Umri umepewa chake, na kazi ya kila mmoja inajulikana na wote waliopo.

Kilichokosekana Kiusa ni hicho cha pili. Hakuna mahali palipowahi kusemwa, mbele ya wote, kwamba makubaliano na mteja ni ya binti na mkono wa kukata ni wa mzee. Mzee aliamini anavishika vyote viwili, kwa sababu tangu msiba ndivyo ilivyokuwa. Binti naye alidhani ili awe bosi lazima amzidi mzee kwa ufundi, na kwa kuwa hajui kukata, akajiona hana haki ya kusema. Hakuhitaji kujua kukata. Alihitaji kusema, akiwa mezani, kwa sauti ya kawaida: "Baba, samahani, simamisha kidogo. Shule imebadilisha mshono. Njoo tuangalie picha pamoja kabla hujaendelea." Heshima imo, amri imo, na aliyeitoa amekuja mwenyewe. Kumtuma binti wa mapokezi kulimdhalilisha mzee kuliko maneno yoyote ambayo mwenye mali angemwambia ana kwa ana. Mzee aliposema "mwambie aje mwenyewe", nadhani alikuwa anadai kitu cha haki.

Uru, Jumapili

Alianza na fedha, nami nilisisitiza iwe hivyo. Kabla ya kumfuata mtu yeyote, aliketi na daftari, akawaita mafundi mmoja mmoja kwa simu, hata wale wawili waliogoma baada ya kuwapata, akasikiliza kila mmoja anadai kiasi gani. Pale hesabu zilipotofautiana na hapakuwa na maandishi, alikubali ya fundi. Ilimuuma. Alitumia malipo ya awali ya oda nyingine na akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ovaloki mpya. Jumamosi jioni hakuna aliyemdai.

Jumapili baada ya ibada alipanda Uru, nyumbani kwa mzee, pamoja na mama yake. Kwenda na mama lilikuwa wazo lake mwenyewe. Alibeba sukari, majani ya chai, na jani la isale. Kwa Wachaga, anayeletewa isale ya kuombwa radhi anabanwa na mila. Si rahisi kuikataa. Mama ndiye aliyelikata jani lile uani kwake.

Aliyoyasema pale nimeyapata kwake na kwa mama yake, na yanalingana. Alimwambia: "Baba, nimekuja kuomba radhi. Nimekupandishia sauti mbele ya watoto, na nimekufukuza kama kibarua. Kwa hilo nimekosa sana." Mzee alipokea jani. Kisha binti akaongeza: "Lakini sketi zile zilikuwa zimekosewa, baba, na zitakatwa upya kama shule inavyotaka."

Sentensi hiyo ya pili ndiyo ninayoiheshimu kuliko kitu kingine chochote alichofanya mwaka ule. Ingekuwa rahisi sana kuiacha. Mtu anayeomba radhi kwa mzee, mbele ya mama, akiwa ameketi kwenye kiti cha wageni, anavutwa kusema yaishe, wote tulikosea. Angefanya hivyo, mzee angerudi kazini akijua kelele ilikuwa kosa na mkato ulikuwa sawa. Binti aliomba radhi kwa namna alivyosema, akabaki na alichokisema.

Mzee alikaa kimya, akamwagiza mjukuu alete chai. Alipoongea alisema, "Marehemu alikuwa anakuja mezani. Tunashika kitambaa wote, ananiambia huyu mteja anataka hivi. Wewe unanitumia simu ya mtoto."

Mama naye akasema lake, na halikuwa refu. Akamwambia mzee kwamba kuanzia siku ile mambo ya ofisi ni ya binti, na mtu akimletea yeye shauri la kazi atamrudisha kwa binti. Neno hilo lilikuwa na uzito kwa sababu lilitoka kwake na lilisikiwa na mzee. Binti angelibandika mwenyewe kwenye manila ukutani, lisingefika popote.

Meza na daftari

Jumatatu mzee alirudi. Ile karatasi ya faini ilibanduliwa. Mwenye karakana aliwakusanya wote kabla ya kazi, akaifuta kauli ya makato, akasema nani anaamua nini: bei, tarehe na makubaliano ya mteja ni yake, namna ya kukata na nani anashona nini ni ya mzee, ruhusa inaombwa kwake, na akiwa hayupo kwa mzee. Haikuchukua robo saa. Hakukuwa na hotuba.

Kisha wakaanzisha utaratibu wa sampuli. Hakuna jora linalofunguliwa kwa oda ya shule mpaka sketi moja au shati moja lishonwe, mteja alione, atie saini kwenye kadi iliyobanwa kwenye nguo, na mzee atie ya kwake. Sampuli inatundikwa juu ya meza mpaka oda iishe. Gharama yake ni nguo moja na siku moja. Kwa mwenye mali asiyejua kukata, sampuli inampa sauti bila kujifanya fundi: anachofanya ni kulinganisha kilichopo mezani na kilichotundikwa.

Malipo yakarudi Jumamosi saa saba mchana. Fedha za oda zina namba yake ya simu tofauti na ya nyumbani. Anaketi kwenye meza ya pasi na daftari la mistari, anamwita fundi, anasoma idadi ya pisi, fundi analinganisha na kikaratasi chake, analipwa, anasaini. Jumamosi moja ya mwanzoni fundi mmoja alisema mashati yake ni 23, daftari likasema 21. Chumba kikanyamaza. Mwenye karakana aliinuka, akaenda kwenye marobota yaliyofungwa, akahesabu lebo zenye namba ya fundi yule, akarudi, akasema, "Ni 23, mimi ndiye niliyeandika vibaya", akafuta, akalipa. Nilikuwepo. Nadhani mafundi walimwamini zaidi baada ya dakika tano zile kuliko baada ya yale maneno ya Jumatatu, kwa sababu waliona daftari linamfunga na yeye.

Sketi zilifika shuleni zikiwa zimechelewa, na shule ikakata sehemu ya bei. Kwenye vile vipande vilivyoharibika zilipatikana kaptula za chekechea za shule nyingine yenye rangi ileile. Hasara ikapungua ila haikuisha. Mzee hakukatwa kitu. Baadhi ya wafanyabiashara niliowasimulia wanaona huo ni udhaifu. Mimi naona picha ilipitia simu mbili na kioo kilichopasuka kabla haijamfikia, na mwenye mali aliliona kosa kabla nusu ya pili haijakatwa akaondoka. Kumtoza mzee peke yake kusingekuwa haki, na mafundi wangelijua hilo.

Mtihani ulikuja miezi michache baadaye. Kijana mmoja wa cherehani, hodari, alikuwa anashona kazi zake binafsi kwa uzi na umeme wa ofisi, saa za chakula na baada ya saa za kazi. Bosi alimwita pembeni, mzee akiwepo, akamwambia amejua, akamweleza kanuni, akaiandika na kijana akasaini. Aliporudia akapewa onyo la maandishi. Kijana akaondoka mwenyewe, ana cherehani yake sasa, mtaa wa Pasua. Waliobaki hawakugoma, na hakuna aliyempelekea mama shauri hilo.

Wateja bado wanauliza mwenyewe yuko wapi. Mzee sasa anaonyesha kwa futi kuelekea mapokezi. Siku nyingine anasahau.

Kilichobaki

Kuna mambo mawili hayajakaa sawa. La kwanza ni kaka yake aliyeko Dar es Salaam, ambaye kwa urithi ana sehemu yake kwenye biashara hii, na anawapigia mafundi simu moja kwa moja kuuliza mauzo ya wiki. Binti hajazungumza naye. Nimemshauri amtumie mwenyewe, kila Jumamosi jioni, picha ya ukurasa wa daftari, ili kaka akose sababu ya kuuliza kwa mlango wa nyuma. Ameanza, ila simu bado zinapigwa.

La pili ni kubwa zaidi. Mzee anachoka, na meza inahitaji mrithi. Mwenye karakana anamtaka fundi mmoja wa kike, mwenye hesabu nzuri na jicho, na angependa ampeleke chuo cha ufundi cha VETA hapa Moshi akasomee kukata. Mzee anamtaka mpwa wake, yule msaidizi wa mezani, ambaye amebeba majora miaka minne akisubiri nafasi hiyo. Kwa mgawanyo waliojiwekea, uamuzi huu hauangukii upande mmoja: ni wa ufundi, na ni wa fedha pia. Anaweza kuwafundisha wote wawili, kama mzee atakubali kumfundisha asiyemchagua. Ninachomwomba asifanye ni kuuacha mpaka Novemba, oda za kipaimara zikishajaa, wala mpwa asije akausikia kwa binti wa mapokezi. Aende mezani, asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, amwambie mzee kwanza.